Bi Harusi wa Nyuma ya Duka la Misumari

Wasikilizaji wapendwa, simameni. Kama mko mezani, wekeni kijiko chini. Kama mnaendesha, egesheni pembeni. Kwa masikitiko makubwa na huzuni isiyo na kifani, idhaa hii inaleta kumbukumbu ya marehemu Huzefa, mtafiti, mgunduzi, na Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Mwendo wa Mimea, Nyanda za Juu Kusini.

Haya, kaeni. Taasisi hiyo ilikuwa uani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Mbeya mjini, kati ya choo na rundo la mabati. Ilikuwa na watumishi wawili. Mmoja ni mkurugenzi mwenyewe. Wa pili ni Philbert, kijana wa duka, ambaye kazi yake ya kisayansi ilikuwa kumwagilia maji na kusema, "Ndiyo, mzee." Hakuna bendera iliyopepea nusu mlingoti. Ya shuleni kwetu haishuki hata ukiiomba, kamba yake ilikatika muhula uliopita na uchunguzi bado unaendelea.

Mimi ni Shaista, mtangazaji wenu wa dakika za vijana kila Jumamosi. Nasoma kidato cha tano katika shule moja ya bweni hapa Iringa. Jina la shule nimekatazwa kulitaja hewani, na mkuu wa shule ana sababu zake, mojawapo ikiwa ni ile kamba. Mzee Huzefa ni babu yangu, mzaa baba. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Aliyefariki ni Mzee Huzefa. Alikuwa muuza misumari. Alikuwa babu yangu. Arobaini yake imepita majuzi.

Leo studio ina mgeni mmoja na kopo moja. Mgeni ni Mwalimu Verediana, mstaafu, aliyefundisha baiolojia hapa Iringa miaka mingi, hata akina mama aliowafundisha, wanaonisikiliza sasa, wamekaa vizuri kwenye viti. Yuko kulia kwangu, mkoba mapajani, miwani inaning'inia kwenye uzi. Kopo ni la rangi ya mafuta, la lita nne, na ndani yake umeota mmea mnaoujua wote. Kifauongo. Ule ambao ukiugusa unafumba majani kama uliokata roho, ukigeuka unafumbua. Babu hakuuita mmea. Alimwita Bi Harusi, kwa sababu ukimsogelea anainamisha macho. Nami nitamwita hivyohivyo, na walimu wa Kiswahili wanisamehe ngeli.

Mwishoni mwa kipindi, Bi Harusi atafanya mtihani hapa hapa, hewani. Ubishi wa Babu na Mwalimu, nitakaowasimulia, utapata jibu. Na jibu hilo lina uzito. Baba yangu, Mansoor, yuko Mbeya dukani, ametufungulia redio kwenye simu. Baba ameapa hivi. Bi Harusi akimpa Babu ushindi, makopo yote ya uani yanabaki pale yalipo. Babu akishindwa, Jumatatu makopo yanatoka, linajengwa godauni la saruji. Fundi ameshapima. Kwa hiyo msiondoke.

Sasa turudi nyuma, miaka ishirini na ushee.

Mwalimu Verediana alikuwa amekwenda Mbeya kwenye semina ya walimu. Siku ya kurudi akapita dukani kununua wavu wa kuzungushia bustani ya shule. Akamkuta mwenye duka amechuchumaa uani mbele ya rundo la nondo, amewapa wateja mgongo, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu imeteleza mpaka sikioni.

"Nilidhani amedondosha pete," anasema Mwalimu. "Nikamwambia, baba, mimi nina basi. Akaniambia bila kugeuka, 'Ngoja kidogo, mama. Hili haragwe linazunguka.'"

"Maharage yote ya kutambaa yanazunguka," Mwalimu akamjibu.

"Ndiyo, lakini yote upande mmoja! Hili nimelikuta uani kwangu. Nimekwenda kwa jirani, upande huohuo. Nimekwenda mpaka bondeni kule kwenye mashamba, upande huohuo. Nani kayaambia?"

"Sasa wewe lizungushe upande wa pili, uone."

Alisema hivyo ili auziwe wavu. Alipata wavu, akawahi basi, akasahau. Babu hakusahau. Alilifungua lile haragwe kwenye nondo, akalizungusha kinyume, akalifunga kwa uzi. Haragwe likasubiri. Uzi ulipoishia, ncha ikajitoa, ikaelea hewani kama mtu anayetafuta swichi gizani, ikarudi kwenye nondo kwa upande wake ule ule wa zamani. Babu akaandika barua yake ya kwanza ya kisayansi. Ilikuwa na maneno matatu.

"Mwalimu, maharage yamekataa."

Barua ya pili ilikuwa ndefu. Alieleza kwamba haragwe limeona limedharauliwa, kwamba lina msimamo, kwamba laiti watu wangekuwa na msimamo kama haragwe. Jibu la Mwalimu lilikuwa fupi, na analikumbuka mpaka leo: "Bwana Huzefa, nimesoma ulichotaka kuona. Haragwe halijui kudharauliwa. Sasa niandikie ulichoona."

Bibi Zehra, mjane wa marehemu, anaikumbuka siku barua hiyo ilipofika. Nilimrekodi jikoni kwake. "Alikula kimya," anasema Bibi. "Alikula kimya mchana, akala kimya jioni. Nikadhani nimezidisha chumvi. Kesho yake nikamwona kachukua kiti, kakaa mbele ya haragwe kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikajua basi, mume nimeshampoteza, na aliyenichukulia ni mboga."

Ndivyo walivyoanza. Babu Mbeya, Mwalimu Iringa, barua katikati. Na barua zenyewe, wasikilizaji wapendwa, hazikwenda kwa bahasha. Babu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alikata kipande cha bomba la plastiki, akaviringisha karatasi na michoro ndani, akafunga mifuniko pande zote mbili, akampa konda wa basi la asubuhi. Mwalimu alilipokea stendi, akalirudisha na majibu. Bomba hilo hilo likaenda na kurudi hadi maandishi ya kiwanda yakafutika.

"Kwa nini msitumie simu?" niliwahi kumuuliza Babu.

"Mwalimu hataki."

Nikamuuliza Mwalimu. "Babu yako akiwa na simu atanipigia kila jani linapotikisika," akasema. "Akiandika, lazima kwanza akae chini."

Pale stendi ya Iringa, mafundi bomba walikuwa wanamwonea huruma. Mwalimu anasema mmoja alimfuata kwa heshima zote. "Mama, shikamoo. Mimi kila wiki nakuona na bomba hilo hilo. Huyo fundi wako anakudanganya. Nipeleke kwako, leo leo maji yanatoka."

Sasa nije kwenye vioo. Babu alitaka kujua ncha ya haragwe inapita wapi saa hadi saa. Mwalimu akamfundisha. Babu akaweka kioo cha dirisha juu ya mmea, akafumba jicho moja, akatia nukta ya wino pale ncha ilipo. Baada ya saa moja, nukta nyingine. Jioni akaziunganisha. Ikatoka michoro ya ajabu, duara juu ya duara, kama mtoto anayejifunza kuandika herufi moja na hakubali kuikosea. Kumbe mmea uliosimama kimya mbele yako unatembea kutwa nzima!

Siku moja Babu alikwenda msikitini, akarudi, kioo hakipo.

"Philbert! Kioo changu kiko wapi?"

"Kimenunuliwa, mzee."

"Kimenunuliwa na nani? Kilikuwa na nukta!"

"Ndiyo, mzee. Nilimpunguzia, kwa sababu ya uchafu."

Aliyekinunua ni Mama Lusia, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku. Babu alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyooa. Akapanda gari mpaka Igawa, akaunganisha mpaka Ubaruku, akaulizia mashine kwa mashine. Alikikuta kioo chake kimeshapachikwa kwenye dirisha la sebule, saruji iliyokishika imeshakauka, na Mama Lusia amekaa chini yake anachambua mchele.

"Mama, nakuomba hicho kioo. Nitakupa kipya kisicho na doa."

"Sikitoi. Jua likipiga hapo asubuhi, hayo maduara yanatua ukutani. Mjukuu wangu anayafuata kwa kidole anacheka. Kwani ni nini?"

"Ni njia ya haragwe."

"Linakwenda wapi?"

Babu akafikiri. "Bado tunaandikiana," akasema.

Mama Lusia akampikia wali na perege. Babu akapanda kwenye stuli, akanakili nukta zote kwenye karatasi ya nailoni, bomba likaondoka kesho yake. Kioo kipo Ubaruku mpaka leo. Mama Lusia alikuja msibani na gunia la mchele, akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa fundi mzuri sana wa mapambo ya madirisha.

Na mimi? Nilikuwa wapi katika sayansi hii? Nilikuwa najitolea. Nikiwa darasa la nne, kila Babu alipoingia kusali nilikuwa nageuza makopo yake, kila kopo robo duara, kwa unyenyekevu mkubwa. Babu akashangaa. Akamwandikia Mwalimu kwamba maharage ya Mbeya yamebadili tabia, huenda ni mapinduzi. Bomba likarudi na karatasi moja. "Bwana Huzefa, kabla hujachunguza maharage, chunguza mjukuu."

Babu hakunipiga. Alinikalisha kwenye kiti chake, akanipa kalamu ya wino, akaniamuru nitie nukta mpaka jioni. Ilikuwa adhabu. Nilipounganisha nukta na kuona lile duara likijifunga, nilisahau kuwa ni adhabu. Msimwambie mtu. Nina jina langu la kulinda shuleni.

Sasa tufike kwa Bi Harusi, maana ndiye mwenye shughuli.

Mnajua ukimshtua anafumba. Babu akatengeneza kibao chenye kingo, chini akaweka kipande cha godoro. Akawa anamnyanyua na kopo lake kimo cha kiganja, anamwachia. Puh! Bi Harusi anafumba. Anasubiri afumbue, anamwachia tena. Puh! Anafumba. Akarudia, akarudia, wateja wakingoja misumari. Mwishowe ikawa puh, na Bi Harusi hafumbi. Ametulia, majani wazi, kama abiria aliyezoea matuta. Bomba likaondoka siku hiyo hiyo na habari: "Mwalimu, amejifunza! Ameshajua kwamba kuanguka huku hakuna madhara!"

Jibu: "Hajajifunza. Amechoka."

Babu: "Nimemgusa kwa kidole, akafumba mara moja. Aliyechoka angeweza?"

Mwalimu: "Basi mwache. Mwezi mzima asiguswe, asiangushwe. Kisha mwangushe mara moja. Kama alikuwa amechoka tu, atakuwa amepumzika, na atafumba. Asipofumba, nitakubali kwamba amekumbuka. Lakini nitakubali nikiona mwenyewe."

Narudia hapo, kwa sababu ndipo ubishi ulipo. Akifumba, Mwalimu ameshinda. Akibaki wazi, Babu ameshinda. Babu akamweka Bi Harusi kwenye kivuli cha mabati, akabandika tangazo: USIGUSE. HATA WEWE SHAISTA.

Mwezi haukuisha.

Ilikuwa Alhamisi, mchana. Philbert ndiye aliyekuwepo. Nilimwomba asimulie mwenyewe.

"Tulikuwa tunampimia mteja kamba ya manila," anasema Philbert. "Mzee akaniambia, 'Shika huku, vuta.' Nikashika, nikavuta. Halafu upande wake ukalegea. Nikasema, mzee, kaza. Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye kiti, kamba bado anayo mkononi."

Ninawaomba tukae kimya kidogo.

Ahsanteni. Huo ukimya ulikuwa mfupi, Othmani fundi mitambo ananionyesha kwa kidole kwamba redio ikinyamaza sana watu wanahama.

Siku zote za msiba Bibi Zehra hakutoka kwenda popote. Alikaa ndani, kwenye eda. Lakini kila asubuhi alitoka uani na birika la chai lenye mdomo mrefu, akammwagilia Bi Harusi maji kwenye udongo, polepole, bila kugusa hata jani moja. Baba alimwona.

"Mama, hayo ni magugu. Yanaota barabarani. Hayana hata mboga."

"Najua."

"Nilipokuwa shule walikuwa wananiita mtoto wa Babu Maharage. Unajua hilo?"

"Na hilo najua."

"Saruji inalowana mvua, Mama. Mimi nahitaji uwanja. Miaka yote hii, amepata nini? Kuna mtu hata mmoja aliyesema Huzefa alikuwa sahihi?"

Bibi akaweka birika chini. "Bado hajajibiwa," akasema. "Mngoje Mwalimu amjibu, halafu ufanye unavyotaka."

Baba akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akaapa kile kiapo nilichowaeleza. Na kwa sababu magoti ya Mwalimu hayakubali tena safari, mimi nikapewa kazi ya kumleta Bi Harusi Iringa nikirudi shule. Nilimpakata kama yai njia nzima. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mwalimu alipoupokea mzigo. Amekaa kwake wiki hii yote dirishani, salama.

Na sasa, wasikilizaji wapendwa, saa imefika. Kibao cha Babu kiko mezani. Godoro lipo. Bi Harusi ameamka vizuri, majani yake yamenyooka yote, mabichi, mazuri. Mwalimu amevaa miwani. Othmani amesogeza maiki. Ninamnyanyua, kimo cha kiganja cha Babu, si changu. Ninamwachia.

Puh.

Mmesikia? Huo ndio mwanguko.

Na majani... wasikilizaji wapendwa, majani yako wazi! Hayakutikisika! Bi Harusi ametulia kama maji ya mtungini! Babu alikuwa sahihi! Andikeni, tangazeni, pigeni vigelegele huko Mbeya! Mmea unakumbuka!

Kwa furaha hiyo basi, nafunga kipindi hiki kwa kuwapa pole familia ya marehemu. Pole Bibi Zehra. Pole Baba, na pole kwa fundi wa zege. Pole Mama Lusia wa Ubaruku, na pole Philbert uliyeshika kamba. Mungu amlaze Babu mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, pita leo nyuma ya nyumba yako, angalia kinachotambaa ukutani, ujiulize kinakwenda wapi huku wewe ukidhani kimesimama. Othmani, tupe muziki.

Othmani, muziki.

Othmani ananitazama mimi. Anatazama kopo. Anatazama vitufe vyake kana kwamba vimewekwa leo.

"Kamwene, wasikilizaji." Huyo ni Mwalimu Verediana, amevuta maiki. "Naomba nafasi kidogo, mtangazaji."

"Mwalimu, muda wetu umekwisha, kuna taarifa ya habari..."

"Haijafika. Shaista, mimi leo nimeshinda, nawe umenitangaza nimeshindwa. Si kitu, nimewahi kushindwa. Lakini babu yako aliniandikia miaka yote hii, na baada ya ile barua ya kwanza hakunidanganya hata nukta moja. Hata zile za kumshinda yeye mwenyewe alinitumia. Waambie watu ulichoona."

Wasikilizaji wapendwa, taa nyekundu ya simu inawaka. Namba ni ya Mbeya. Othmani, usiipokee. Ameipokea.

"Shaista."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Amefumba, siyo?"

"Baba, hapa kuna mwanga mdogo, jicho linaweza..."

"Sauti hiyo naijua tangu darasa la nne. Amefumba?"

Amefumba. Wasikilizaji wapendwa, Bi Harusi amefumba. Alifumba kabla hata godoro halijatulia. Majani yote, vikonyo vimelala, amekuwa kama kitambaa kilichokamuliwa. Nimesema uongo hewani, na sikuwa nafanya mzaha. Nilitaka makopo yabaki. Sasa hata kuwaomba radhi sijui nawaomba kwa sauti ipi, maana ile ya mzaha mmeizoea.

"Haya," anasema Baba. Hakuna mtu anayeshangilia huko. Nasikia birika linawekwa chini.

"Subiri, Bwana Mansoor," anasema Mwalimu. "Shaista, niangalie. Huyu alisafirije?"

"Nilimpakata, Mwalimu. Kama yai."

"Njia nzima?"

Hapa, wasikilizaji, ningeweza kusema ndiyo. Nililala. Tulipita Chimala nikiwa macho, nimemwinua juu ya magoti kila tuta, mikono inauma. Igawa nikasinzia. Nilipozinduka tulikuwa Makambako, kopo liko sakafuni kati ya viatu vyangu, linaruka na basi, na Bi Harusi amefumba kabisa. Sikumwambia mtu. Alipofumbua kwa Mwalimu nikasema, basi, yamekwisha.

"Huo nao si uongo mwingine?" anauliza Baba.

"Uongo wa kwanza ulikuwa unampa ushindi babu yake," anasema Mwalimu. "Huu unampa aibu yeye mwenyewe. Nauamini. Sasa sikiliza, Bwana Mansoor. Mimi siupokei ushindi huu. Basi limemwangusha huyu Bi Harusi kuliko baba yako alivyopata kumwangusha. Leo ameshtuka, sawa. Huenda kweli hakumbuki chochote. Au huenda anakumbuka vizuri sana, ila anachokumbuka ni basi. Sijui. Na kama sijui, sijashinda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jaribio limeharibika. Litaanza upya, huko huko uani, bila basi. Huyu atabaki kwangu, hasafiri tena. Yapo makopo mengine ya kifauongo pale, baba yako aliyachora yote. Mtamfundisha mmojawapo, mtampumzisha, mtaniandikia."

"Mwalimu, hiyo itachukua muda gani?"

"Mimi na baba yako tulibishana juu ya haragwe moja mpaka nikastaafu."

Simu imenyamaza. Redio nayo imenyamaza, na Othmani hanionyeshi kidole. Mtanisamehe, ninangoja na mimi.

"Niliapa akishinda yanabaki, akishindwa yanatoka," anasema Baba. "Hajashinda, hajashindwa. Sasa nifanye nini?"

Hiyo ni sauti ya Bibi Zehra, inatokea mbali na simu: "Ungoje, kama sisi."

Baba anapumua. "Basi ahirisheni zege. Philbert! Mwambie fundi asije. Na Mama, huyo wa kufundishwa amwagiliwe kwa kitu kingine, wiki ya ngapi hii sisi tunachemshia chai kwenye sufuria? Shaista."

"Abee, Baba."

"Bomba la babu yako liko kwangu. Jumatatu nampa konda wa basi la asubuhi. Uchukue kwa Mwalimu hizo hatua zote, uniandikie vizuri. Andika ulichoona. Nikikuta chumvi nakuja hapo shuleni na mkuu wako atanipa kiti."

Amekata.

Wasikilizaji wapendwa, muziki wa kufungia nimeusahau ulikuwa upi. Jina langu ni Shaista, mjukuu wa Huzefa. Nilidanganya, nililala, na ile kamba ya bendera ni mimi. Mwalimu ananisukumia karatasi na kalamu. Naandika huku nasoma. Kifauongo, kopo la rangi, studio, Iringa, Jumamosi mchana. Ameangushwa mara moja. Amefumba yote. Na sasa, tangu Baba akate simu, jani moja la chini, upande wa dirisha, limeanza kufunguka. Sisemi kwa sababu nataka. Linafunguka, Babu. Naliona.